Taa za Milangoni kwenye Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu magari ya volti 12, hasa ya Kijapani yaliyotumika, ambayo ndiyo mengi kwenye barabara zetu. Magari ya Ulaya, milango ya kuteleza na malori yana maswali yake mwishoni.

## Kabla ya kununua chochote

Taa ya mlangoni ni ipi hasa, na ina kazi gani?

Ni taa ndogo inayokaa chini ya paneli ya mlango. Mlango ukifunguliwa inawaka, ukifungwa inazima. Inamulika pale mguu unapotua: ukingo wa mtaro, dimbwi, jiwe, funguo zilizodondoka. Mzee au mama aliyebeba mtoto anashuka akiona anakokanyaga.

Kazi ya pili watu huisahau. Taa nyingi za kiwandani zina kioo chekundu au kipande chekundu kinachoangalia nyuma. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa dereva unafungukia upande ambao bodaboda na daladala zinapita. Usiku, ukingo wa mlango ulio wazi hauonekani mpaka mtu awe ameshaufikia. Nukta nyekundu kwenye ukingo huo inampa mwendesha pikipiki nafasi ya kukwepa. Kama bajeti yako inatosha mlango mmoja tu, anza na wa dereva.

Mbona gari la jirani ni aina ileile na lina taa, langu halina?

Kiwanda hutoa gari moja kwa madaraja tofauti. La daraja la juu linapewa taa. La chini linapewa paneli ileile lakini tundu la taa limezibwa kwa kifuniko cha plastiki. Angalia sehemu ya chini ya paneli, upande wa nyuma. Ukiona kipande cha mstatili kinachoonekana kimepachikwa, kibandue taratibu kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu.

Wakati mwingine ndani yake utakuta soketi ya pini mbili imefungwa kwa tepu kwenye fungu la nyaya. Hiyo ni bahati: nunua taa za mtumba za gari hilohilo, chomeka, umemaliza. Ukikuta tundu bila soketi, kutoboa umeepuka ila nyaya utazipitisha mwenyewe. Na kama paneli ni laini kabisa, soma swali la kutoboa huko chini kabla ya kushika kekee.

Nichague aina gani?

Taa za kiwandani za mtumba ndizo bora. Zimetengenezwa kustahimili kishindo cha mlango na unyevu, na nyingi hutumia balbu ya T10 ya wati 5 inayopatikana kila duka la spea. Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, nenda na picha ya paneli yako na vipimo vya tundu, na umwombe muuzaji akukatie taa pamoja na soketi yake na angalau sentimita 15 za waya. Taa bila soketi itakusumbua.

Za pili ni LED za kutoboa zinazochora nembo ya gari chini. Zinapendeza, lakini mwanga wake umejikusanya kwenye picha, kwa hiyo hazimuliki eneo pana. Filamu yenye nembo pia hufifia kwa joto. Kama lengo lako ni kuona unakokanyaga, chukua LED ya kawaida yenye kioo cheupe.

Zile za kubandika zenye betri ndogo na sumaku zinafaa?

Zinafaa kwa gari la kukodi au la kazini ambalo huruhusiwi kuligusa, na kwa milango ya kuteleza. Kwingine, tegemea kubadilisha betri mara kwa mara. Gundi nayo hulegea gari likianikwa juani. Ukizitumia, futa paneli kwa spiriti kwanza, bandika gari likiwa kivulini, na hakikisha sumaku iko karibu kabisa na taa mlango ukifungwa. Sumaku ikikaa mbali, taa haitazima na utakuta betri zimekufa asubuhi.

Kwa milango minne nahitaji vifaa gani?

Waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 0.5, rangi mbili, kama mita 15 kila rangi kwa gari dogo. Usitumie waya mgumu wa uzi mmoja wa nyumbani. Utakatika bawabani ndani ya miezi. Kishikio cha fyuzi cha kwenye waya na fyuzi ya ampea 3. Mipira ya kusinyaa kwa joto, tepu ya kitambaa, tai za plastiki, na klipu za paneli za akiba zisizopungua kumi, maana za zamani zitavunjika tu. Multimita ni lazima. Testa ya balbu haikuonyeshi volti ngapi, na kwenye gari lenye kompyuta inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko saketi inavyohimili.

## Umeme

Moto (umeme wa chanya) nauchukua wapi?

Kwenye saketi ya taa ya ndani ya darini. Fyuzi yake mara nyingi imeandikwa DOME kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi. Ina umeme muda wote, hata funguo zikiwa mfukoni, na ndivyo taa ya mlangoni inavyotaka.

Watu wengi hukosea kwa kuchukua moto ulio karibu, ndani ya mlango wenyewe. Waya wa vioo vya umeme kwa kawaida unapata moto swichi ya funguo ikiwa imewashwa tu, kwa hiyo taa itakataa pale unapoihitaji. Nyaya mbili za mota ya kufuli ni mbaya zaidi: zinabadilishana chanya na hasi wakati wa kufunga na kufungua, na zikitulia zote mbili ni ethi (upande wa hasi, yaani bodi ya gari). LED iliyoungwa hapo itapepesa mara moja ukibonyeza rimoti, basi.

Kwa nini swichi ya mlango ina waya mmoja tu?

Kwa sababu kwenye magari mengi ya Kijapani swichi inakata ethi. Moto unafika kwenye taa muda wote. Mlango ukifunguka, swichi inaugusisha ule waya mmoja na bodi ya gari kupitia skrubu yake, na saketi inakamilika. Kwa hiyo taa yako inaungwa hivi: upande mmoja kwenye moto wa kudumu, upande wa pili kwenye waya wa swichi.

Pima kabla ya kukata. Weka multimita kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi. Waya wa moto usome kama 12.5 mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Waya wa swichi usome karibu 0 mlango ukiwa wazi, na 12 au wakati mwingine 5 ukiwa umefungwa. Kusoma 5 kunamaanisha waya huo unakwenda kwenye kompyuta. Angalia swali la LED zinazowaka hafifu. Ukisoma kinyume, yaani 12 mlango ukiwa wazi, gari lako linakata moto: upande mmoja wa taa unga kwenye waya wa swichi, na wa pili kwenye bodi.

Tahadhari moja ndogo. Swichi ya kwenye nguzo (chuma cha wima cha bodi kando ya mlango) ukiifungua skrubu, waya wake ni mfupi na unapenda kuchomoka na kurudi ndani ya nguzo. Ushike kwa koleo na uufunge tepu kwenye chuma cha nje kabla hujaachia. Ukidondokea ndani, utavua plastiki zote za nguzo kuutafuta.

Ziwake zote kwa pamoja, au kila mlango na yake?

Kila mlango na yake ni bora, hasa kwa ile taa nyekundu: haina maana kumulika upande ambao hakuna anayeshuka. Kwenye gari ambalo kila swichi ina njia yake hadi kwenye kompyuta, unaunga taa kwenye waya wa swichi ya mlango husika na inajitenga yenyewe.

Kwenye magari ya zamani nyaya za swichi zimeungana pamoja, kwa hiyo mlango wowote unawasha zote. Kuzitenga, kata waya nyuma ya kila swichi na uweke diodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wa diodi ukielekea swichi. Taa ya mlangoni iungwe kati ya diodi na swichi. Tumia 1N5408 ya ampea 3. Wengi huweka 1N4007 kwa kuwa ni ndogo na ipo kila mahali, lakini inabeba ampea 1 tu. Taa mbili za ndani zikiwaka pamoja zinaikaribia au kuipita.

Fyuzi ya ukubwa gani?

Balbu nne za wati 5 ni wati 20, yaani ampea 1.7. Fyuzi ya ampea 3 inatosha, na LED zinahitaji pungufu ya hapo. Iweke karibu na mahali ulipochukua moto, ndani ya sentimita 15. Fyuzi iliyowekwa mlangoni hailindi waya uliopita chini ya zulia, na huko ndiko waya hukandamizwa na skrubu ya kiti. Fyuzi ya DOME ya kiwandani usiibadilishe kwa kubwa zaidi. Ikiungua, tatizo ni waya wako.

LED au balbu ya kawaida?

LED, kwa sababu ya joto. Balbu ya wati 5 kwenye kisanduku kidogo cha plastiki haina shida kwa dakika mbili za kushuka. Mlango ukisahauliwa wazi gereji usiku kucha, kioo cha plastiki huanza kugeuka rangi au kujikunja. LED ya T10 inaingia soketi ileile. Isipowaka, ichomoe, igeuze, irudishe: LED ina upande wa chanya na wa hasi, balbu haina.

Nikiacha mlango wazi, betri italala?

Chukua betri ya Ah (ampea-saa) 45. Gari huanza kugoma kuwaka ikibaki karibu nusu, kwa hiyo una kama Ah 22 za kutumia. Balbu nne za wati 5 zitazimaliza kwa saa 13 hivi. Balbu moja itachukua kama siku mbili. LED moja ya wati 1 ingehitaji siku kumi na zaidi. Hiyo ni betri mpya iliyojaa. Ya miaka minne gawanya kwa mbili au zaidi. Kumbuka pia taa ya darini inakula muda huohuo.

## Kufungua mlango na kupitisha nyaya

Paneli inatokaje bila kuvunjika?

Tafuta skrubu zote kwanza. Kwa kawaida ipo ndani ya kikombe cha kuvutia mlango, nyuma ya mkono wa kufungulia (imefichwa na kifuniko cha ukubwa wa ukucha), na wakati mwingine ukingoni mwa paneli. Ukivuta na paneli ikakataa sehemu moja kabisa huku kwingine imeachia, kuna skrubu hujaiona. Acha kuvuta.

Skrubu zikiisha, anza kona ya chini. Ingiza kifaa cha plastiki kati ya paneli na chuma, karibu na klipu kadiri unavyoweza, na utoe klipu moja moja. Zikiachia zote, inua paneli moja kwa moja juu itoke kwenye ukingo wa kioo. Usiiache ining'inie kwa nyaya zake. Chomoa soketi ya swichi ya kioo na kebo ya mkono kwanza.

Waya unapitaje kutoka kwenye nguzo kuingia mlangoni?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kati ya nguzo na mlango kuna mpira wa mikunjo uliobeba nyaya za kiwandani. Waya wako upite humo humo. Kuupitisha nje ya mpira, pembeni ya bawaba, ni kuukata polepole kila mlango unapofungwa.

Chomoa ncha zote mbili za mpira kwa kusukuma ukingo wake kwa ndani. Chukua kebo ya breki ya baiskeli, funika ncha yake kwa tepu ili isichubue nyaya nyingine, ipake sabuni ya maji ya vyombo, kisha iingize kutokea upande wa mlango. Grisi na oili usitumie. Huuvimbisha na kuulainisha mpira. Ncha ikitokea ndani ya gari, funga nyaya zako mbili juu yake kwa kuzipishanisha, moja nyuma ya nyingine, ili fundo lisiwe nene, na uvute. Ukisikia inakwama kwenye mkunjo, usilazimishe: nyoosha mpira kwa mkono wa pili huku ukivuta.

Acha ulegevu wa sentimita 5 ndani ya mpira, na kusiwe na kiungo chochote humo. Waya uliochomelewa risasi unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na hukatika hapohapo kwa kukunjwa. Viungo vyote vikae ndani ya nguzo au ndani ya mlango, vifunikwe kwa mpira wa kusinyaa. Vile vibanio vya bluu vya kubana waya juu ya waya havifai, na Mombasa, Tanga au Zanzibar havifai kabisa: hewa ya chumvi inaingia na shaba inageuka kijani.

Kwenye magari mengine mpira unaishia kwenye soketi kubwa ya plastiki nguzoni, hakuna tundu la kupenya. Angalia kama soketi ina pini zisizotumika pande zote mbili, uzitumie. La sivyo, LED ya betri kwa mlango huo ni uamuzi wa busara kuliko kutoboa nguzo.

Ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango ni ya lazima?

Ni ya lazima kabisa. Maji ya mvua huingia mlangoni kila inaponyesha kupitia ukingo wa kioo, yanateremka ndani na kutokea matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa paneli. Ikirudishwa vibaya, mvua ya kwanza unakuta zulia limelowa na unadhani ni kioo cha mbele kinachovuja.

Ibandue asubuhi gari likiwa baridi. Gundi yake nyeusi mchana wa jua inakuwa kama ubuyu uliopikwa, inavutika nyuzi na kushika kila kitu. Bandua upande unaouhitaji tu. Waya upite kwenye tundu dogo, uzibwe kwa gundi ileile, na kabla ya kufika kwenye taa uning'inie kidogo chini ya usawa wa taa, ili tone linalotambaa juu yake lidondokee pale badala ya kuingia kwenye soketi.

Nitoboe wapi?

Kwenye paneli tu, kamwe si kwenye chuma cha chini cha mlango. Pandisha na ushushe kioo kwanza uone kinafika wapi; nyuma ya taa panahitaji nafasi ya urefu wa taa yote na soketi yake. Pima mwili wa taa, bandika tepu ya karatasi, chora, toboa kutokea upande wa mbele kwa mwendo mdogo. Kabla ya kurudisha klipu, pandisha na ushushe kioo mara tatu ukisikiliza kama kuna waya unaoguswa.

Vipi kuhusu mifuko ya hewa?

Toa waya wa hasi wa betri na usubiri. Vitabu vya Toyota vinataka sekunde zisizopungua 90. Soketi za njano usizipime wala kuzichomoa. Baadhi ya magari mapya yana kihisi cha shinikizo la hewa ndani ya mlango wa mbele kinachotambua ajali ya ubavuni. Kinategemea mlango uzibwe kama ulivyotoka kiwandani, kwa hiyo nailoni irudi bila mwanya. Ukirudisha betri, kioo cha otomatiki cha dereva huenda kikahitaji kufundishwa upya: kipandishe hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache.

## Mambo yakiharibika

LED inawaka hafifu hata mlango ukiwa umefungwa. Kwa nini?

Kompyuta ya gari inaweka volti ndogo, mara nyingi 5, kwenye waya wa swichi. Upande wa pili wa taa kuna 12, kwa hiyo tofauti ya volti 7 inapitisha umeme kidogo sana. Balbu isingeonyesha, LED inaonyesha. Unga rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya omu 1000 ya nusu wati sambamba na LED; umeme huo utapita humo na taa itazima.

Taa inawaka na kuzima mlango ukitikiswa.

Kama ni mlango mmoja, anza na skrubu ya swichi. Ndiyo ethi yake, na kutu chini yake inatosha kuleta usumbufu. Ifungue, sugua chuma kwa msasa hadi king'ae, rudisha. Ikiendelea, waya umekatika ndani ya mpira wa mikunjo: ushike mpira na uukunje taratibu ukitazama taa.

Fyuzi inaungua mara tu nikifunga paneli.

Skrubu au klipu imeubana waya wa moto kwenye chuma. Ifungue tena paneli, tafuta alama ya kuchubuka, badilisha kipande hicho na ukifunge tai mbali na tundu. Usiweke fyuzi kubwa zaidi.

Tangu nimefunga taa, betri inalala.

Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake. Milango ifungwe, ule unaopaswa kubaki wazi, sukuma kufuli lake kwa bisibisi au ibonyeze swichi yake kwa tepu. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi yako ya ampea 3: usomaji ukishuka, kosa ni lako, usiposhuka, taa hazihusiki.

## Magari ya namna nyingine

Noah au Hiace yenye mlango wa kuteleza?

Usiingize waya mlangoni. Weka taa kwenye ngazi ya kupandia, upande wa bodi, na uchukue ethi kwenye swichi ya mlango huo. Abiria anaona pa kukanyaga vilevile.

Gari la Ulaya?

Mengi yana swichi ndani ya kufuli na kompyuta ndogo kwenye kila mlango, ambayo ndiyo inayolisha taa. Ukiunga waya kiholela unaweza kuwasha taa za onyo au kuiunguza kompyuta hiyo. Tafuta mchoro wa nyaya wa gari lako. Mara nyingine pini ya taa ipo na inahitaji kuwezeshwa kwa mashine ya fundi.

Lori la volti 24?

Nunua taa za volti 24. LED ya volti 12 itaungua papo hapo.

Rangi gani ziruhusiwe?

Nyeupe kumulika chini, nyekundu kuangalia nyuma. Bluu na za kupepesa ziachie magari ya polisi na ya wagonjwa. Na taa zisiwake gari likiwa linatembea: zikiwaka, swichi imeunganishwa kinyume au mlango haujafungwa.